Majani ya Mapambo: Historia Yake katika Bustani tangu Mtakatifu Alberto Mkuu

Katika inchi yetu majani ni adui wa nyumba. Asubuhi mama anashika ufagio, anafagia lupango mpaka udongo unaonekana mwekundu na safi. Jani likiota karibu na mlango linang'olewa, kwa sababu nyoka hujificha ndani yake, na kwa sababu wapita njia wakiliona watasema: wenye nyumba hii ni wavivu, ao wamehama. Shambani ni vilevile. Mwenye kulima muhogo na mahindi anapigana na majani tangu mvua ya kwanza mpaka siku ya mavuno. Umwambie kwamba kuna watu duniani wanaonunua majani kwa pesa, wanayapanda mbele ya nyumba na kuyamwagilia maji, naye atacheka.

Lakini ni kweli, wala si jambo la jana. Ni zaidi ya miaka 700 tangu watu wa Ulaya walipoanza kuandika namna ya kupanda majani kwa ajili ya uzuri wake tu, si kwa kulisha ng'ombe wala kwa kuezeka nyumba. Tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, mmoja wa waandishi wa kwanza walioieleza vizuri alikuwa mtawa na mwalimu, jina lake linajulikana katika kila seminari. Pili, viwanja vya misioni zetu, vya seminari na vya nyumba za masista, vimejaa mimea iliyotoka mbali, na mara nyingi ni sisi wenyewe tunaokata shauri nini kipandwe humo na nini kisipandwe.

Historia hii itatuonyesha jambo moja. Uzuri wa majani unaonekana juu, katika jani na katika ua lake. Lakini faida ao hasara yake inatoka mahali tusipopatazama, yaani katika mizizi na katika mbegu. Aliyejua mizizi na mbegu alipata bustani. Asiyejua, alimletea jirani yake taabu.

I. Fundisho la Alberto Mkuu

Mtakatifu Alberto alizaliwa karibu na mwaka wa 1200 huko Lauingen, mji mdogo wa Ujerumani kando ya mto Danube. Aliingia katika shirika la Wadominikani, akafundisha Paris na Köln, na Tomaso wa Akwino alikuwa mwanafunzi wake. Kwa miaka michache alikuwa Askofu wa Regensburg, kisha akaomba aachiliwe mzigo ule. Alikufa Köln mwaka wa 1280. Papa Piyo XI alimtangaza kuwa Mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa mwaka wa 1931, na Papa Piyo XII alimfanya msimamizi wa wenye kuchunguza elimu ya viumbe mwaka wa 1941.

Wengi wetu tunamjua Alberto kama mwalimu wa filosofia na teolojia. Wachache wanajua kwamba aliandika kitabu kikubwa juu ya mimea, chenye sehemu 7, na kwamba ndani ya sehemu ya mwisho alieleza namna ya kutengeneza bustani ya kupendeza. Anasema wazi kwamba bustani ya namna hii haitafutwi kwa ajili ya matunda ya kula. Ni kwa ajili ya milango miwili ya fahamu: macho na pua. Na kitu cha kwanza anachotaka ndani yake si ua waridi wala yungiyungi. Ni majani mafupi, membamba na laini. Kwa maoni yake hakuna kitu kinachopumzisha macho kama hayo.

Tutazame anavyoagiza kazi ifanywe. Kwanza, mahali pote palimwe na mizizi yote iondolewe. Kisha udongo usawazishwe kadiri iwezekanavyo. Halafu maji yanayochemka yamwagwe juu ya mahali pote, ili mizizi iliyobaki na mbegu zilizojificha ndani ya udongo zife zisiote tena. Baada ya hapo vipande vya udongo wenye majani mazuri viletwe kutoka mahali pengine, vipangwe kimoja kando ya kingine, vipigwe kwa nyundo pana za mbao, na majani yakanyagwe kwa miguu mpaka karibu yasionekane tena. Ndipo yatakapoanza kutoka polepole, membamba kama nywele, yafunike udongo wote kama nguo ya rangi ya kijani.

Pembeni ya uwanja huo Alberto anapanda mimea yenye harufu njema, na maua ya namna nyingi. Anataka miti ya kivuli pia, lakini anakataza kuipanda katikati ya majani, kwa sababu buibui hufunga nyuzi zao kati ya matawi, na anayepita atanaswa usoni. Neno hili linatuchekesha kidogo, lakini linatuonyesha kwamba mtu huyu hakuandika kwa kusikia tu. Alitembea bustanini, akaangalia mambo yalivyo.

Mwanzoni mwa karne ya 14, mwanasheria wa Bologna aliyeitwa Pietro de' Crescenzi alichukua maagizo hayo ya Alberto, akayaweka ndani ya kitabu chake juu ya kilimo. Kitabu hicho kilipigwa chapa Augsburg mwaka wa 1471, kikatafsiriwa katika lugha mbalimbali. Hivi fundisho la mtawa mmoja lilifika katika bustani za wakubwa wa Ulaya.

Tuangalie vema hatua yake ya kwanza. Alberto hakuanza kwa kupanda. Alianza kwa kung'oa mizizi na kuua mbegu. Hakujua vyombo vya kukuza vitu vidogo machoni, wala elimu ya leo juu ya uzazi wa mimea. Lakini alijua kwamba mwenye kutaka majani anayoyapenda lazima kwanza ayatawale yale asiyoyapenda.

II. Majani mafupi na mashine ya kiwanda cha nguo

Kwa karne nyingi majani ya bustani yalikuwa mafupi tu. Kuyaweka mafupi kulikuwa kazi ngumu: watu walikata kwa mundu mrefu, asubuhi na mapema umande ungali juu ya majani, ama walichunga kondoo juu yake. Ni matajiri tu walioweza kulipa wafanyakazi wengi vile.

Mwaka wa 1830 Mwingereza mmoja, Edwin Beard Budding, alibadilisha jambo hilo. Alikuwa fundi huko Stroud, mahali penye viwanda vya nguo za sufu. Viwandani aliona mashine yenye visu vinavyozunguka, inayokata nyuzi ndogo zinazosimama juu ya nguo mpya ili nguo iwe laini. Akawaza: kinachokata nguo kinaweza kukata majani. Alberto alifananisha majani na nguo. Miaka karibu 600 baadaye fundi wa nguo akayakata kweli kama nguo. Tangu hapo hata mtu wa nyumba ndogo aliweza kuwa na uwanja wa majani mafupi. Namna hiyo ilifika Afrika pamoja na wakoloni na wamisionari. Katika viwanja vingi vya Kongo majani hayo mafupi ni paspalumu, nayo asili yake ni Amerika.

Majani mafupi yana hekima yake: yanayokatwa kila juma hayapati nafasi ya kuchanua, na yasiyochanua hayatoi mbegu. Panga ao mashine ndiyo inayolinda jirani. Mambo yaligeuka watu walipoanza kupenda majani marefu.

III. Manyoya ya Amerika ya Kusini

Karibu na mwaka wa 1840, John Tweedie, Mskoti aliyehamia Buenos Aires tangu mwaka wa 1825, alipeleka mbegu za majani makubwa ya tambarare za Argentina kwenye bustani ya Glasnevin, karibu na Dublin, Ireland. Zikaota. Wazungu wakaona kitu ambacho hawajakiona: kichaka cha majani marefu yanayoinama, na juu yake vichwa vyeupe kama manyoya ya ndege, virefu kuliko mtu. Kwa elimu ya mimea jina lake ni Cortaderia selloana. Neno la kwanza limetoka katika Kihispania cha Argentina na maana yake ni kukata, kwa kuwa pembe za majani yake ni kali kama wembe. Neno la pili ni kumbukumbu ya Friedrich Sellow, mwana wa mtunza bustani wa mfalme huko Potsdam, Ujerumani. Huyu alizunguka Brazili miaka mingi akikusanya mimea, mpaka alipozama katika mto Rio Doce mwaka wa 1831. Tutarudi tena Potsdam baadaye.

Majani hayo ya Argentina yana siri. Mimea mingine ni ya kike, mingine inafanya kazi ya kiume. Ya kike ndiyo yenye manyoya mazuri, mazito na laini. Basi wenye kuuza mimea waliacha kupanda mbegu. Walikata kichaka cha kike vipande vipande, kila kipande kikawa kichaka kipya. Na kichaka cha kike kikiwa peke yake hakizai mbegu za kuota. Kwa miaka mingi majani hayo yalikaa bustanini kwa amani, watu wakadhani yana tabia njema.

Huko Kalifornia, katika miaka ya 1870, mwenye bustani aliyeitwa Joseph Sexton wa Santa Barbara alitambua kwamba manyoya ya mimea ya kike yakikaushwa juani hufunguka yakawa mazuri sana. Wakati ule mitindo ya Ulaya na Marekani ilitaka manyoya ya namna hiyo katika vyumba vya wageni na juu ya kofia za wanawake. Ikawa biashara kubwa. Mashamba mazima yalipandwa. Halafu mitindo ikapita, kama mitindo yote ipitavyo. Mashamba yakaachwa. Majani hayakuondoka.

Tena katika mwaka wa 1946 idara ya Marekani iliyolinda udongo ilipanda majani hayo upande wa kusini wa Kalifornia, ili yazuie mmomonyoko na kulisha mifugo wakati wa ukame. Nia ilikuwa njema. Lakini mahali ambapo ya kike na ya kiume yanakaa pamoja, upepo unafanya kazi yake, na mbegu zinaruka.

Kulikuwa pia na ndugu yake, Cortaderia jubata, ambaye asili yake ni milima ya Andes. Kwa macho wanafanana. Lakini huyu mimea yake yote ni ya kike, na ajabu yake ni kwamba inazaa mbegu bila kuhitaji ya kiume. Kichwa kimoja chaweza kutoa mbegu hata 100.000, nyepesi kama vumbi. Mmea mmoja tu ukiletwa, unatosha. Leo aina hiyo imefunika sehemu za pwani ya Kalifornia, miteremko ya kando ya bahari, na mahali palipokatwa miti ya msitu. Kaskazini mwa Hispania ndugu yake wa Argentina amefanya vilevile. Afrika ya Kusini na New Zealand zimekataza kupanda yote mawili.

Kosa lilikuwa wapi? Tweedie alipeleka mbegu kwa wenye elimu. Sexton alitafuta riziki yake. Idara ya Marekani ilitaka kuokoa udongo. Hakuna aliyetaka mabaya. Lakini kila mmoja aliangalia manyoya, na wachache waliuliza: mmea huu unazaa namna gani?

IV. Mtunza bustani wa Potsdam

Sasa turudi Potsdam, mji wa kwao Sellow. Karl Foerster alizaliwa Berlin mwaka wa 1874. Baba yake alikuwa mkubwa wa nyumba ya kutazamia nyota katika mji ule. Mwaka wa 1903 alianza kukuza mimea ya kuuza, na miaka michache baadaye akahamia Bornim, karibu na Potsdam. Huko alikaa mpaka kufa kwake mwaka wa 1970, akiwa na miaka 96.

Foerster aliona kwamba bustani za wakati wake zimejaa maua ya rangi kali, lakini hazina pumzi. Upepo ukivuma, maua yanavunjika; majani yanacheza. Baridi ikija, maua yanaoza. Majani yanakauka yakisimama, na umande ulioganda unang'aa juu yake. Basi alikusanya majani marefu ya inchi nyingi, akayajaribu miaka na miaka. Aina ambazo zilitambaa chini na kuharibu wengine alizikataa. Zile zinazosimama katika kichaka chake alizishika. Mwaka wa 1957, mwenye miaka 83, alitoa kitabu kizima juu ya kuingia kwa majani na mikangaga katika bustani.

Majani yanayobeba jina lake leo duniani ni mazao ya aina mbili za Calamagrostis za Ulaya zilizochanganyika. Yanasimama wima, hata mvua kubwa haiyalazi kwa muda mrefu. Na kwa kuwa ni mchanganyiko, kama nyumbu aliyezaliwa na punda na farasi, hayazai mbegu za kuota. Kila kichaka kilichopandwa katika mabara yote kimetoka katika kugawa kichaka kingine kwa mkono wa mtu. Chama cha wakuza mimea huko Marekani kiliyachagua kuwa mmea wa mwaka 2001. Hapa uzuri na usalama vimekutana: majani hayatoki bustanini mpaka mtu ayabebe.

Wanafunzi wa fikira zake walizitawanya mbali. Wolfgang Oehme, Mjerumani, alihamia Marekani katika mwaka uleule wa 1957. Yeye na mwenzake James van Sweden walipanda majani marefu katika bustani ya Benki Kuu ya Marekani huko Washington mwaka wa 1977. Mholanzi Piet Oudolf alipanga mimea ya High Line huko New York, njia ya zamani ya reli inayopita juu ya barabara, iliyofunguliwa kwa watu mwaka wa 2009. Garimoshi la mwisho lilipita pale mwaka wa 1980, na baada yake majani yaliota yenyewe kati ya vyuma. Bustani mpya ikafuata mfano wa majani yale.

Lakini hata katika njia hii njema kuna onyo. Ernst Pagels wa Leer, kaskazini mwa Ujerumani, alikuwa mwanafunzi wa Foerster. Alipenda Miscanthus, majani marefu ya Asia ya mashariki. Katika inchi yake ya baridi aina za zamani zilichelewa kuchanua, ama hazikuchanua kabisa. Kwa uvumilivu mkubwa akapata aina zinazochanua mapema. Ilikuwa ushindi. Lakini mmea unaochanua mapema unapata pia wakati wa kukomaza mbegu zake. Mashariki mwa Marekani, kwenye joto zaidi, Miscanthus inaonekana leo pembeni ya barabara na katika mashamba yaliyoachwa, mahali ambapo hakuna mtu aliyeipanda.

V. Majani ya Afrika ugenini, na mgeni katika mto wetu

Tusidhani kwamba Afrika inapokea tu taabu za wengine. Majani ya bara letu pia yalichukuliwa kuwa mapambo ya inchi za mbali, na mengine yamefanya uharibifu huko. Aina moja ambayo wenye elimu waliita Pennisetum setaceum, na leo wanaiita Cenchrus setaceus, asili yake ni Afrika ya kaskazini na ya mashariki na sehemu za Asia zilizo jirani. Vichwa vyake vinainama kama maji yanayobubujika. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilipelekwa Hawaii kwa ajili ya bustani. Huko ilikuta miteremko mikavu ya mawe ya volkano, ambayo zamani haikujua sana moto kwa kuwa mimea ilikuwa michache na mbalimbali. Majani yetu yakajaza nafasi, yakakauka, moto ukapata njia. Baada ya moto miti ya asili inakufa, na majani yanaota tena kuliko kwanza. Mwaka wa 2017 Umoja wa Ulaya uliyaweka katika orodha ya mimea iliyokatazwa kuuzwa na kupandwa. Hatia haimo katika majani. Kwao yana majirani wanaoyazuia, wadudu na wanyama wanaoyala, ugenini hayana.

Na mgeni aliyekuja kwetu? Watu wa mto wanamjua: gugu la maji, lenye ua zuri la rangi ya zambarau, ambalo wengine wameliita kwa Lingala Kongo ya sika. Si jamaa ya majani, lakini habari yake ni ileile, ndiyo sababu tunaitaja. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu wa inchi nyingi walilipanda katika visima na mabwawa ya bustani kwa ajili ya ua lake. Katika miaka ya 1950 lilifunika sehemu kubwa za mto Kongo. Meli zilikwama, wavuvi hawakuweza kutupa nyavu, na serikali ya kikoloni ilitumia pesa nyingi na dawa za sumu kupigana nalo. Bado lipo. Mvuvi anayesukuma mtumbwi wake kati ya majani hayo analipa gharama ya bwawa la mtu ambaye hatamjua kamwe.

VI. Namna ya kupanda na kutunza

Baada ya kusikia haya, je, tuache kabisa kupanda majani ya mapambo? Hapana. Kiwanja chenye majani yaliyotunzwa hakibebwi na maji ya mvua, hakitoi vumbi, na macho hupumzika, kama Alberto alivyosema. Lakini tupande kwa akili. Tutoe mashauri machache.

Kuchagua. Kabla ya kupokea mmea wowote, tuulize maswali matatu: umetoka wapi? unazaa mbegu zinazoota? mizizi yake inakaa kichakani ao inatambaa chini? Mchaichai unafaa sana pembeni ya njia: hauchanui mara nyingi, unagawiwa kwa mkono, na majani yake ni chai. Vetiveri vilevile, aina inayopandwa kwa kawaida haizai mbegu za kuota, na mizizi yake inashuka chini sana, ndiyo sababu imepandwa kushika udongo wa makorongo, kwa mfano Kinshasa na Kikwit. Mahali penye bwawa, mafunjo ni ya kwetu, ingawa ni jamaa ya ndago kuliko ya majani. Tusisahau pia majani ya vilima vyetu wenyewe. Yale yenye vichwa vya rangi ya waridi, yanayong'aa jua la jioni pembeni ya barabara za Katanga, yalipelekwa Amerika yakasumbua watu huko. Hapa yako kwao.

Mahali. Majani marefu yanapenda jua. Tusiyapande karibu na milango, madirisha ya mabweni wala njia ya watoto, kwa sababu ya nyoka na kwa sababu ya majani yanayokata. Yapewe nafasi: kichaka kitakachofika metre moja na nusu kisipandwe chini ya metre moja na jirani yake. Mbolea nyingi haifai. Majani yaliyoshiba sana huanguka.

Kukata. Mara moja kwa mwaka inatosha. Ulaya hukata mwisho wa baridi. Sisi tukate mwisho wa kipwa, kabla ya mvua za kwanza. Kwanza tufunge kichaka kwa kamba, ndipo tukate shibiri moja juu ya udongo, majani yote yanatoka kwa mzigo mmoja. Tusichome moto: moto wa kipwa haujui mpaka wa bustani, na unaweza kuua moyo wa kichaka. Majani yaliyokatwa tuyatandaze shambani chini ya migomba.

Kugawa. Baada ya miaka kadhaa katikati ya kichaka panakufa, pembeni panaishi kama pete. Hiyo ni alama. Mvua zikianza, tuchimbe kichaka chote, tukikate kwa shoka ao panga, tutupe katikati pa zamani, tupande vipande vya pembeni.

Mbegu. Mmea tusioujua vema, tukate vichwa vyake kabla havijakomaa. Na mizizi tunayoitupa tusiitupe mtoni wala korongoni. Tuianike juani mpaka ikauke kabisa. Mimea mingi mibaya imesafiri kwa maji.

Wanafunzi wa seminari wanalima bustani kila juma, na wengine wanaihesabu kazi hiyo kuwa mapumziko ya masomo tu. Alberto Mkuu hakuitenga na masomo: aliangalia mizizi kwa bidii ileile aliyoangalia vitabu vya Aristoteli. Padri atakayewekwa katika parokia, na katekista mwenye kiwanja cha shule, watapewa siku moja kifuko cha mbegu ao kipande cha mmea mzuri kutoka inchi nyingine, zawadi ya rafiki. Washukuru kwa moyo. Kisha, kabla ya kushika jembe, watazame ng'ambo ya ua, waone shamba la nani liko upande ule upepo unakokwenda.